Tezi Ndogo Kichwani na Mfereji wa Damu Unaoilisha

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende. Leo safu hii yataka kuzungumza na wasomaji wake juu ya mwiba mmoja ambao wengi wetu hatujapata hata kuusikia, kwa kuwa umo ndani ya kichwa, hauonekani kwa macho, na mara nyingi hauumi. Mwiba huo ni uvimbe unaoota katika tezi iitwayo pituitari. Pengine ni mdogo kama punje ya mtama, lakini waweza kuvunja ndoa, waweza kumpofusha mtu mzima mwenye nguvu zake, na waweza kumfanya mwanamke wa Kiomboi aitwe tasa hali tumbo lake la uzazi halina kasoro yoyote.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wataalamu wa dunia wamelitazama kwa njia mpya: badala ya kuushambulia uvimbe wenyewe, wanajaribu kuuzibia mfereji wa damu unaoulisha. Ya pili ni kwamba, wakati habari za tiba hiyo mpya zinapotusisimua, ipo tiba ya siku nyingi, tena rahisi, iwafaayo wengi wa wagonjwa hao, lakini hawaifikii kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba wanaumwa. Yafaa tuyatazame yote mawili kwa pamoja, ili sifa za tiba ya kesho zisitusahaulishe wajibu wetu wa leo.

KITI CHA MFALME

Tezi ya pituitari hukaa chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, ndani ya kijishimo cha mfupa kilichoumbwa mfano wa tandiko la farasi. Uzito wake ni kama nusu gramu tu, na upana wake ni kama sentimita moja. Hata hivyo tezi hiyo ndogo ndiyo inayozitawala tezi nyingine nyingi za mwili. Huiamuru tezi ya shingoni ifanye kazi yake, huziamuru tezi zilizo juu ya figo, huyaamuru mayai ya mwanamke yapevuke na korodani za mwanamume zitoe mbegu, humkuza mtoto, na mama akisha kujifungua, huyaita maziwa yaje matitini.

Amri zote hizo hutolewa kwa njia ya homoni, yaani vichocheo viendavyo ndani ya damu. Na tezi yenyewe hupokea maagizo yake kutoka kwenye ubongo ulio juu yake kwa njia hiyo hiyo, kupitia mtandao wa mishipa midogo sana ya damu iliyowekwa mahsusi kwa kazi hiyo. Kwa hiyo si ajabu kwamba pituitari ni miongoni mwa viungo vyenye mishipa mingi ya damu kuliko vingine. Damu kwake ni chakula, na ni tarishi pia. Msomaji alikumbuke neno hili, maana mbele tutalirudia.

TEZI INAPOASI

Huweza kutokea kwamba chembe moja ya tezi hiyo ikaanza kuzaana pasipo mpango, na uvimbe ukaota. Kwa bahati njema, karibu uvimbe wote wa namna hii si saratani, hausambai mwilini. Madhara yake huja kwa njia mbili. Ama uvimbe hukua mpaka ukaibana mishipa ya fahamu ya macho ipitayo juu yake, ama hutoa homoni kwa wingi usio na kiasi, kama mfereji uliovunjika lango.

Uvimbe utoao homoni ya ukuaji kwa kupita kiasi humfanya mtoto awe jitu, na mtu mzima humkuza mikono, miguu, taya na pua mpaka pete haivuliki na viatu havimtoshi. Hali hiyo ilipewa jina la akromegali na daktari Pierre Marie wa Ufaransa mwaka 1886. Wako madaktari waliosoma habari za Goliathi katika Biblia wakadhani kwamba huenda naye alikuwa na uvimbe wa namna hiyo. Uvimbe mwingine huzichochea tezi za juu ya figo zitoe kotisoli kwa wingi; mgonjwa huvimba uso ukawa wa mviringo, hunenepa tumbo huku miguu ikikonda, na hushikwa na shinikizo la damu na kisukari. Ugonjwa huo huitwa kwa jina la Harvey Cushing, mpasuaji wa Marekani aliyeueleza mwaka 1932.

Lakini ulio wa kawaida zaidi ni uvimbe utoao prolaktini, homoni ya maziwa. Kati ya kila watu kumi wenye uvimbe wa tezi hii, karibu wanne huwa na wa namna hii. Na hapa ndipo habari hii inapotuingilia majumbani mwetu.

Tumfikirie mwanamke mmoja wa kijiji chochote cha Iramba. Hatumsemi fulani wala fulani. Tunamsema yeyote ambaye hali hii yaweza kumpata. Ameolewa miaka minne. Siku zake za mwezi zilipungua, kisha zikakoma. Hana mimba, wala hanyonyeshi, lakini akiyabinya matiti yake huona maziwa yakitoka. Jambo hilo humtia hofu na aibu, naye hulificha. Mawifi huanza kusema. Mama mkwe hushauri aende kwa mganga, na mganga hutaja jina la jirani. Mume naye, akisukumwa na ndugu zake, huanza kutafuta mke mwingine. Katika safari yote hiyo hapana hata mtu mmoja aliyemwuliza mwanamke huyo, kwa upole na faraghani, maswali mawili tu: Je, unapata siku zako? Je, matiti yako hutoa maziwa?

Prolaktini inapozidi, mwili hudhani kwamba unanyonyesha mtoto, nao hufunga mlango wa mimba. Utasa huo si laana, si matokeo ya mwenendo mbaya, wala si kazi ya jirani. Wanaume nao wasijione wamesalimika. Uvimbe huo huo huwaondolea hamu ya tendo la ndoa na kuwapunguzia mbegu, nao kwa kuona haya hawasemi. Huja hospitali siku uvimbe umekuwa mkubwa, kichwa kikiwauma na macho yameanza kupoteza pande. Mtu wa namna hiyo huona vizuri kilicho mbele yake, lakini hajigongi mlangoni kwa ulevi wala haponei chupuchupu kugongwa na pikipiki kwa uzembe, ubavuni haoni.

KUUKATIA UVIMBE MAJI

Sasa tuitazame hiyo njia mpya. Mkulima wa vitunguu wa mkoa wetu anajua kwamba jaruba lisilofikiwa na maji halistawi, hata mbegu iwe bora namna gani. Fikra kama hiyo ndiyo aliyokuwa nayo Judah Folkman, mpasuaji wa watoto wa mjini Boston, Marekani. Mapema katika miaka ya 1960, akiwa katika maabara ya jeshi la majini la nchi yake, aliona kwamba vipande vya uvimbe vilivyopandikizwa katika tezi iliyotengwa na mwili vilikua kidogo sana kisha vikakoma. Mwaka 1971 alitoa makala iliyosema kwamba uvimbe hauwezi kupita ukubwa wa milimita chache pasipo kuiita mishipa mipya ya damu ije kuulisha. Basi, alisema, tukiizuia mishipa hiyo isiote, uvimbe utadumaa.

Wengi walimdhihaki. Walitaka awaonyeshe hicho kinachoiita mishipa. Jibu kamili lilipatikana mwaka 1989, na wafugaji wa ng'ombe watafurahi kulisikia. Napoleone Ferrara na mwenzake, wakifanya kazi California, walikichuja kichocheo kinachootesha mishipa ya damu kutoka katika chembe za tezi ya pituitari ya ng'ombe. Naam, ni tezi hii hii tunayoizungumza. Ilikuwa ikikitengeneza kichocheo hicho siku zote, kwa kuwa nayo yaihitaji damu nyingi. Kutokana na ugunduzi huo ilitengenezwa dawa iitwayo bevasizumabu, ambayo hukinasa kichocheo hicho kabla hakijafika kwenye mishipa. Mwezi Februari mwaka 2004 Marekani iliikubali kwa saratani ya utumbo mpana, na baadaye ikatumika kwa saratani nyingine kadhaa.

FUMBO LA PITUITARI

Mtu angedhani kwamba dawa hiyo ingefaa mara moja kwa uvimbe wa pituitari. La hasha; mambo ya mwili hayaendi kwa haraka hivyo. Wataalamu walipoihesabu mishipa kwa hadubini, waliona jambo la kushangaza. Katika viungo vingi uvimbe huwa na mishipa mingi kuliko nyama yenye afya inayouzunguka. Katika pituitari ni kinyume: uvimbe wa kawaida una mishipa michache kuliko tezi nzima yenye afya. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya uvimbe huu kukua polepole na kutosambaa. Ni katika saratani halisi za tezi hiyo, ambazo ni adimu sana, ndipo mishipa huonekana kuongezeka.

Pamoja na hayo, majaribio ya wanyama yameleta matumaini. Mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba panya waliorithi kasoro ya kuota uvimbe wa pituitari walipopewa kinga dhidi ya kichocheo kile cha mishipa, uvimbe wao ulipunguza kasi ya kukua na prolaktini katika damu yao ikashuka. Mwaka 2011 watafiti wa Buenos Aires, nchini Ajentina, walipata matokeo ya namna hiyo kwa panya ambao uvimbe wao haukuweza kuitikia dawa za kawaida. Kwa binadamu, dawa hiyo imejaribiwa kwa wagonjwa wachache tu, wale ambao uvimbe wao ulikuwa mkaidi au wa saratani, na ambao upasuaji, mionzi na dawa nyingine vilikuwa vimeshindwa. Wapo ambao uvimbe wao ulisimama kwa muda; wapo ambao haukusimama. Wagonjwa wachache hivyo hawatoshi kuwa msingi wa kanuni, na hata leo wakuu wa fani hii huanza na dawa nyingine kwa uvimbe wa namna hiyo kabla ya kuifikiria hii.

Tena dawa hiyo ina ukali wake. Huongeza shinikizo la damu, huweza kuleta kutokwa damu, na huchelewesha vidonda kupona, kwani kidonda nacho huhitaji mishipa mipya ili kizibe. Hutolewa kwa kudungwa mshipani kila baada ya wiki mbili au tatu, na gharama yake ni kubwa. Si dawa ya kumwahidi mwanamke yule wa Iramba.

Na wala haihitaji. Tangu miaka ya 1970 vipo vidonge viitwavyo bromokriptini, na baadaye vikaja vya kabergolini, ambavyo huiga dopamini, kitu ambacho ubongo wenyewe hukitumia kuizuia prolaktini. Mwaka 1994 lilichapishwa jaribio la wanawake 459 waliokoma kupata siku zao kwa sababu ya prolaktini nyingi. Kati ya kila mia waliotumia kabergolini, 83 prolaktini yao ilirudi kawaida. Kwa bromokriptini walikuwa 59. Kabergolini hunywewa mara moja au mbili tu kwa wiki. Uvimbe wenyewe mara nyingi hunywea, siku za mwezi hurudi, na wanawake wengi hupata mimba.

Hapa pana jambo la kufurahisha akili. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba dopamini nayo huipinga kazi ya kile kichocheo cha mishipa ya damu. Maana yake, huenda vidonge hivyo vya zamani, mbali na kuifunga prolaktini, husaidia pia kuukatia uvimbe maji. Tiba tuliyoiita mpya huenda kwa sehemu ilikuwamo katika kabati la dawa miaka mingi kabla ya sisi kulijua jina lake.

DAMU INAPOKATIKA BILA KUTAKIWA

Tulimwomba msomaji akumbuke kwamba tezi hii huishi kwa damu. Ipo hali nyingine ambamo damu hukatika bila mtu kuikata, nayo yatuhusu zaidi kuliko dawa yoyote ya Boston au California. Wakati wa ujauzito pituitari hukua, na kiu yake ya damu huongezeka. Mama akitokwa damu nyingi mno wakati wa kujifungua, tezi hiyo huweza kukosa damu ikafa, nusu au yote. Daktari Harold Sheehan wa Glasgow aliieleza hali hiyo mwaka 1937. Mama huokoka, watu humshukuru Mungu, lakini maziwa hayaji, siku zake hazirudi, nguvu humwishia, naye huona baridi na unyonge kwa miaka mingi. Watu husema amelegea au ni mvivu, kumbe tezi inayouendesha mwili imekwisha kuzimika. Mama huyo aweza kurudishiwa nguvu kwa vidonge vya homoni zilizopungua, mradi atambuliwe.

Kinga ya hali hiyo ni kuizuia damu isimwagike. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu. Wakunga walitandika chini ya mzazi mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, wakaipima damu badala ya kuikisia kwa macho, na walipoona imezidi walitoa tiba zote kwa mkupuo mmoja. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki wenye mistari si chombo cha fahari. Hata hivyo umewaokoa akina mama wengi, na pengine umeziokoa pia tezi ambazo hakuna aliyezihesabu.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Kiomboi si mji mgeni kwa hospitali. Tangu enzi za wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani, wagonjwa wa Iramba walikuja hapa kwa miguu na kwa machela. Leo mgonjwa hutoka hadi Misigiri, akashika barabara kuu ya Singida, na kutoka Singida aweza kufika Dodoma siku hiyo hiyo. Hospitali kubwa za nchi zina mashine za kupiga picha za ubongo. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, madaktari wa Kitanzania huutoa uvimbe wa tezi hii kwa kupitia tundu la pua, bila kulifungua fuvu. Mionzi hutolewa Ocean Road na Bugando. Ngazi ipo, shida iko kwenye kidato cha kwanza.

Kidato hicho ni lile swali. Twawasihi waganga na wauguzi wa zahanati zetu kwamba mwanamke anapokuja kulalamikia kukosa mtoto, aulizwe juu ya siku zake na maziwa. Na mwanamume aulizwe juu ya nguvu zake na macho yake. Kisha vipimo vifuate kwa utaratibu. Kwanza ihakikishwe kwamba hana mimba. Pili zitazamwe dawa anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, za magonjwa ya akili na za shinikizo la damu huipandisha prolaktini bila uvimbe wowote. Tatu ipimwe tezi ya shingoni, maana ikilegea nayo hufanya hivyo hivyo. Ndipo prolaktini ipimwe, na ikizidi mno, mgonjwa apelekwe kupigwa picha. Asianze mtu kununua vidonge dukani kwa kusikia jina katika gazeti hili. Vina kichefuchefu na kizunguzungu vyake, vipimo vyake hupangwa na daktari, na mwanamke akisha kushika mimba hana budi kurudi aelekezwe kama aendelee au aache.

Kwa viongozi wetu tuna neno moja. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Thamani ya sheria hiyo kwa mwanamke wa kijijini haitapimwa kwa hotuba, itapimwa kwa mambo madogo: je, kipimo cha prolaktini kimo katika huduma zake? Je, vidonge vimo? Je, mfuko wenye mistari umo katika kila chumba cha kujifungulia? Mambo hayo hayahitaji muujiza wa sayansi.

Na kwa jamaa, wazee wa koo na viongozi wa dini twasema hivi: mwanamke asiyezaa asihukumiwe kabla hajapimwa, na mumewe aende kupimwa pamoja naye. Ndoa nyingi zimevunjwa na maneno ya watu kabla daktari hajaulizwa.

Hatuidharau elimu mpya. Tunawatakia heri wale wanaotafuta jinsi ya kuufungia uvimbe mkaidi mfereji wa damu, maana wapo wagonjwa ambao tumaini lao liko huko. Lakini anayengoja mvua ya mwakani huku kisima cha jirani kimejaa maji, akifa kwa kiu, lawama si ya mawingu. Kwa wengi wa wagonjwa wetu kisima kimekwisha kuchimbwa. Kilichobaki ni kuwaonyesha njia.